Rula Yenye Kichwa cha Kwale

Boma, Kisarawe
Jumatatu, 2 Machi 1953

Mtani wangu Wilbrod,

Mzee Abdala, karani mkuu, ameniambia leo kabla ya adhuhuri kwamba Bwana Shauri wa wilaya amekubali niache kazi. Siku yangu ya mwisho ni tarehe 31 ya mwezi huu. Alisema hayo akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya kitasa, kisha akaongeza la kwake.

"Husseini, miaka tisa umeandika majina ya watu, sasa unakwenda kuchonga magogo. Mama yako anajua?"

Nikamwambia mama alikwisha fariki.

"Basi ana bahati," akasema, akafunga mlango.

Nakuandikia mapema ili tusije tukasahauliana. Naacha kazi kwa neno lako. Ulisema kanisa jipya la hapo Visiga linataka milango miwili mikubwa ya kuchongwa na mimbari, kwamba Padri amekuachia wewe utafute fundi, na kwamba kazi ni ya mwaka mzima na zaidi. Bila hilo nisingethubutu. Nina mke na mtoto, na nyumba tunayokaa ni ya serikali. Nikiondoka kitini natoka na nyumbani.

Unajua kwa nini naondoka, lakini niliandike mara moja, nisilirudie. Kazi yangu ni kunakili. Aliyelipa kodi namnakili, asiyelipa namnakili, aliyekufa nampigia mstari. Karatasi zikijaa zinafungwa kamba na kupelekwa chumba cha nyuma, na sijapata kumwona mtu akiingia chumba hicho isipokuwa aliyetumwa kuua panya. Kitu kimoja tu nilichokifanya boma kikatazamwa na mtu ni ile rula ya mninga niliyoichonga chini ya meza, yenye kichwa cha kwale. Bwana Shauri aliishika akauliza imenunuliwa duka gani mjini. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuhesabu nafsi yangu kuwa imekwisha ondoka.

Niandikie nianze lini na nimwone nani. Wasalimie Yosefina na watoto. Baba yako mwambie Mzaramo wake bado yu hai, asifurahi upesi.

Mtani wako,
Husseini Mwishehe


Visiga
9 Machi 1953

Kwa mtumwa wangu Husseini, Mzaramo wa bondeni anayeogopa kupanda hata kichuguu,

Tumsifu Yesu Kristo, ingawa hutaitikia. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya mke wangu na baba, na baba amesema: "Hatimaye Mzaramo amepata akili, tumchinjie jogoo kabla haijamtoka." Basi jua kwamba jogoo mmoja hapa anaishi kwa wasiwasi.

Mambo yote tayari. Njoo uanze Jumanne baada ya Pasaka, tarehe 7 Aprili. Mbao zimekwisha pasuliwa, zinakauka. Chumba chako kipo nyuma ya nyumba yangu, nimeambiwa kinavuja lakini wewe umezoea mabonde. Usimwandikie Padri, hapendi barua. Akiona mtu na patasi mkononi ndipo anaelewa.

Sasa nami nina haja. Kiti chako kitakuwa wazi, na mimi nina mtu wangu anayekitaka. Ni mtu wa kalamu, safi, hanywi, ana watoto. Najua boma hawamchukui mtu hivi hivi, wanataka neno la karani anayeondoka. Nipe neno hilo. Usiniulize jina, maana ukiniuliza jina umenifanya mgeni, na mgeni angeomba kwa barua ya serikali. Mimi naomba kama mtani, na mtani akiomba hanyimwi. Hukuninyima siku ile nilipokaa juu ya jeneza la mjomba wako nikakataa kuondoka mpaka mnipe kofia yake, na kofia ninayo hadi leo.

Niandikie pia yule mzee wenu anapenda nini na anachukia nini, nimfundishe mtu wangu.

Nakungoja, wewe na tezo lako.

Bwana wako,
Wilbrod Hilario


Boma, Kisarawe
17 Machi 1953

Mtani wangu Wilbrod,

Ombi lako limekubaliwa. Jana nilimwambia Mzee Abdala mbele ya makarani wawili kwamba ninaye mtu wa kukaa mahali pangu. Mazungumzo yalikuwa hivi.

"Jina lake nani?"

"Silijui, mzee. Ni mtu wa mtani wangu."

"Unamdhamini mtu usiyejua jina lake?"

"Namjua mtani wangu."

Yeye ni Mzaramo kama mimi, anajua haya mambo. Mtani akileta haja msibani au harusini hatumchunguzi. Akasema, "Haya. Lakini atakuwa kwenye majaribio mpaka mwisho wa Septemba, na mdhamini ni wewe. Nitamjuaje akija?" Nikamwonyesha rula ya kwale. Nikasema atakayekuja nayo ndiye. Wote watatu waliiona.

Rula hiyo naituma kwako kwa mkono wa dereva wa lori la mihogo. Mpe mtu wako.

Kuhusu Mzee Abdala: amwamkie shikamoo kabla hajavua kofia, si baada. Asitie doa la wino. Akitia, aandike ukurasa mzima upya, asikwangue kwa wembe. Wenye kodi wa kutoka mbali awaandike kwanza, maana wana safari, na mzee hulitazama hilo kuliko mwandiko. Chai yake haina sukari. Asimcheke anapoimba.

Mke wangu Mwanamvua hajapendezwa. Amesema, "Mtu asiye na jina humkaribishi hata uani, wewe unamkaribisha kitini." Nimemwambia huo ndio utani. Akasema kwao utani una mwisho. Yeye na mwanetu Salumu watahamia kwa mama yake, hapa hapa Kisarawe, mpaka nitakapopata pa kuwaweka huko.

Tutaonana baada ya Pasaka.

Mtani wako,
Husseini


Visiga
8 Aprili 1953

Kwa Bwana Wilbrod Hilario, Boma, Kisarawe

Wilbrod,

Padri wa hapa ameniambia jana asubuhi kwamba hakumwagiza mtu yeyote amtafutie mchongaji.

Nilimkuta kanisani. Milango iko mahali pake. Ililetwa kutoka mjini kabla ya Kwaresima, ni ya mbao za kawaida, imepakwa rangi ya kijani. Mimbari ipo, imepigiliwa misumari. Nilikuwa nimesimama na mfuko wa patasi begani, naye akadhani nimekuja kuomba kazi ya kufyeka uwanja. Alikuwa mpole. Aliniuliza kama nimekula.

Nikaenda kwako. Yosefina alikuwa anapepeta mchele. Aliinua macho akasema, "Shemeji, karibu. Mbona umekuja huku? Mwenzio yuko kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Boma. Ameondoka Jumamosi ya Pasaka na sanduku lake. Amesema wewe ndiye uliyempa kazi, Mungu akubariki. Hukumwona?"

Niliomba maji.

Baba yako alikuwa kibarazani. Aliponiona akaanza maneno yetu ya siku zote, mtumwa wangu umetoroka, nani kakufungua kamba. Akaona sijibu. Akamwita Yosefina, wakasemezana. Sidhani kama alijua. Sidhani kama mkeo alijua. Naliandika hilo ili ujue simhesabii mtu mwingine.

Chumba ulichosema kinavuja hakipo.

Sina matusi ya kukuandikia. Nataka jibu la jambo moja: ulipokuwa unaandika kwamba mbao zinakauka, ulikuwa unawaza nini? Nijibu kwa anwani ya duka la hapa barabarani. Mwenye duka ameniruhusu kulala kwenye ghala la unga.

Husseini Mwishehe


Boma, Kisarawe
15 Aprili 1953

Mtani wangu, Mzaramo wangu, mtumwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na baridi yake imenifanya nivae koti. Husseini! Tangu lini Mzaramo akakasirika akitaniwa? Nimekutania. Mtani amechukua kiti cha mtani, ndiyo habari yote. Babu zetu walichukuliana ng'ombe wakacheka. Njoo na kuku, tusimame mbele ya watu, ukikomboe, tule.

Lakini umeuliza swali la kweli, nami nitakujibu la kweli, kisha tulifunge.

Nilikuwa nawaza hivi. Miaka sita nimeandika matita ya mkonge kwenye stoo ya shamba, na kila jioni msimamizi ananihesabia upya mbele ya vibarua, kama mtoto. Wanangu watatu wanalala chumba kimoja na babu yao. Wewe ulikuwa na kiti cha serikali, nyumba ya bati, na kila ukija Visiga unakaa kibarazani kwangu unalia kwamba kiti kinakuuma. Mwaka wa kwanza nilikuhurumia. Mwaka wa pili nilikungoja uondoke. Mwaka wa tatu nikajua hutaondoka kamwe. Ungechonga rula chini ya meza mpaka unazeeka. Ulihitaji mtu wa kukusukuma, na mimi nilihitaji pa kukaa. Nani ameumia? Ulitaka kuwa fundi: patasi unazo, boma huna. Si ndivyo ulivyoomba?

Kuhusu Padri, kweli aliwahi kusema mbele yangu kwamba ingependeza kanisa liwe na milango ya kuchongwa. Hilo sikulitunga.

Mzee Abdala nimemwamkia kabla ya kuvua kofia. Alipoona rula akasema, "Kumbe ni wewe mwenyewe." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwishehe alijua?" Nikacheka tu, naye hakuuliza tena.

Asante kwa habari ya chai. Rula ninayo mezani, naipigia mistari kila siku.

Mtani wako,
Wilbrod


Kisarawe
27 Aprili 1953

Baba Salumu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Salumu alipata homa siku mbili, imemtoka.

Mzee Abdala amenijia mwenyewe jana kwa mama, akakaa mkekani, akaniuliza: "Mumeo alijua kwamba mtu wa mtani wake ni huyo huyo mtani?" Nimemwambia hapana. Nimemweleza kanisa, milango, ghala la unga, yote kama ulivyoniandikia. Huwezi kunilaumu, hukunikataza.

Akasema: "Bado yuko kwenye majaribio. Mdhamini akija mbele yangu akasema anaondoa neno lake, huyu anatoka. Na kiti hakina mwingine, Husseini anarudi kesho yake. Lakini sitaki barua. Neno alilitoa kwa mdomo mbele ya watu, aliondoe kwa mdomo mbele ya watu."

Sasa nikwambie la pili. Nilikwenda nyumbani kwetu kuchukua kinu changu. Mtani wako alinifungulia, yuko ndani ya kanzu yako ile ya buluu uliyoisahau msumarini.

"Karibu, mke wa mtumwa wangu! Umekuja kunipikia?"

"Nimekuja kuchukua kinu."

"Kinu kimekuja na nyumba."

"Na hiyo kanzu nayo imekuja na nyumba?"

Akacheka. "Mama Salumu, unajua utani wewe?"

Nikamwambia: "Mimi nimeolewa na Mzaramo, sikuolewa na utani. Sogea mlangoni." Akasogea. Kinu nimekibeba mwenyewe kichwani, na alinifuata hadi njiani akinisihi nichume mchicha wa uani, eti ni wangu. Sikuuchuma.

Nasema wazi. Mimi sikupenda uache kazi. Uliacha kwa sababu uliambiwa kuna kazi, na kazi haipo. Mtu aliyepotezwa njia harudi kwa aibu, anarudi tu. Mama ananivumilia lakini chumba ni kimoja. Rudi useme neno lako.

Mkeo,
Mwanamvua


Janga
19 Mei 1953

Mama Salumu,

Bi Siwema wa hapa Janga amesema jana, mbele ya wanawake wanne wa ukoo wake, kwamba kazi yangu ya pili ameikubali. Nikueleze ilivyokuwa, maana sikukuandikia tangu niondoke Visiga.

Mwenye duka alinihurumia, akanitaja kwa mtu wa Janga aliyekuja kununua chumvi. Huko nyumba ya Bi Siwema iliungua wakati wa kiangazi. Watu walitoka wote, lakini mwana hiti wa ukoo wao, yule mtoto wa kuchongwa wa kukaa na mwali, aliungua ndani. Wewe unajua maana yake kuliko mimi. Wana mwali ambaye ameingia ndani mwezi huu, na hawezi kukaa huko miezi yote bila mwana wa kumwogesha na kumpaka mafuta, kama mama zake wote walivyofanya. Kuazima kwa ukoo mwingine hawataki. Fundi aliyewachongea wa kwanza alikufa zamani, na kijana wake anaendesha lori.

Nikasema nitachonga. Bi Siwema akaniuliza umejifunza kwa nani, nikamtaja mjomba. Akasema, "Yule alikuwa na mkono. Wewe je, tuone."

Nilichonga wa kwanza kwa siku chache tu. Mpingo mzuri, kichwa chenye shungi mbili, kitovu, hana mikono wala miguu, kama mjomba alivyonionyesha. Nilimsugua kwa majani ya msasa mpaka akang'aa. Bi Siwema haoni vizuri siku hizi. Alimshika, akampitisha kidole gumba shingoni, akamrudisha mikononi mwangu.

"Shingo nene. Huyu mtoto wa nani, wa nguruwe?"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Akasema tena, bila kucheka: "Mwali atamlaza kifuani. Kidole chake kitatafuta shingo gizani. Akikuta gogo, atajua tumemdanganya."

Nikarudi kuchonga mwingine. Mwanamvua, miaka tisa boma hakuna mtu aliyenirudishia ukurasa akaniambia kuna kitu hakiko sawa ndani yake ambacho mtu mwingine atakikuta gizani. Nilichonga shingo ile nikaiharibu mara moja, nikaanza upya gogo jingine. Jana aliishika, akapitisha kidole gumba shingoni, akampa binti yake, na binti akaifunga kwenye khanga akaingia nayo ndani. Sitaiona tena, si kitu cha mwanamume. Baadaye ndipo akasema ameikubali.

Wamenipa chumba na chakula hadi mwali atakapotoka, na shamba la robo eka nilime. Watu wa vijiji vya jirani wameanza kuuliza: mmoja anataka mlango, mwingine kiti cha harusi. Sijamwahidi mtu kitu zaidi ya hivyo, wala wewe sikuahidi.

Habari ya neno langu boma. Si kwamba nimemsamehe. Kila asubuhi ninaposhika patasi namkumbuka, na mkono unakuwa mzito, na hiyo ndiyo hasara yangu kubwa kuliko kiti: kazi niliyoipenda tangu utotoni, mlango wake wa kuingilia nimefunguliwa kwa uongo. Sijui kama nilikuja mwenyewe au nililetwa. Nikisema neno sasa, nitalisema kwa hasira na kiti kitanimeza tena.

Nipe muda hadi mwali atoke. Ikifika siku hiyo sina cha kukuonyesha, nitarudi boma na sitalalamika tena maishani. Shika neno hilo.

Mumeo,
Husseini


Kisarawe
30 Mei 1953

Baba Salumu,

Nimelishika.

Mwanamvua


Visiga
24 Septemba 1953

Mtani wangu Husseini,

Baba amefariki Jumapili tarehe 20, baada ya misa. Tumemzika Jumatatu hapa Visiga. Habari ilikuwa ya haraka, sikuweza kukupata Janga, nisamehe. Tanga tutaanua Jumamosi, tarehe 10 Oktoba.

Husseini, mazishi yalikuwa makavu. Hakukuwa na Mzaramo wa kukaa juu ya jeneza. Hakukuwa na mtu wa kuvaa koti lake na kukohoa kama yeye na kudai ugoro. Wazee wa kwetu waliotoka milimani wameuliza mbele ya watu, "Mtani wa nyumba hii yuko wapi?" Nimewaambia yuko safarini, atakuja tangani. Usinifanye mwongo.

Najua unasema moyoni kwamba sikuwahi kuhitaji msaada wa kuwa mwongo. Haya, nimekusemea.

Njoo. Njoo utanie kwa nguvu zako zote. Chukua chochote changu mbele ya watu, koti, kitanda, hata hicho kiti ukikitaja, nami nitakikomboa hapo hapo, na watu watacheka, na itakwisha. Mzee Abdala atakuwepo, amesema atakuja kunipa pole. Miezi sita ya majaribio inakwisha, na ameniambia hatanithibitisha mpaka akusikie wewe kwa mdomo wako, Jumatatu inayofuata, tarehe 12. Lakini akikuona Jumamosi unanitania kama zamani, atajua mambo yetu yalikuwa mambo ya watani, na Jumatatu itakuwa ya kunywa chai tu.

Baba alikupenda. Siku ile ulipokuja ukanyamaza kibarazani aliniletea barua, ile ya pekee aliyonitumia maishani, aliiandikisha kwa mwalimu. Aliniambia: "Mzaramo wangu amenyamaza. Umemfanya nini?" Sikumjibu.

Mtani wako,
Wilbrod


Janga
28 Septemba 1953

Mama yangu mpendwa,

Mama, ni mimi Mwanamvua.

Mwali wa Bi Siwema ametolewa jana. Nimekuja na Salumu kama tulivyopatana na mume wangu, nione ana nini cha kunionyesha.

Sikuonyeshwa chumba wala shamba kwanza. Wanawake walinivuta nikacheze nao. Msichana alitoka na mwana kifuani, mweusi, anang'aa kwa mafuta ya miezi yote hii, na alimshika shingo kwa vidole viwili hivi, mama, kama unavyomshika mtoto mchanga anayelala. Bi Siwema alinikalisha karibu naye. Aliniuliza, "Wewe ndiye mke wa fundi?" Nikangoja aniulize la boma, hakuniuliza. Hapa hawajui kama aliwahi kuwa karani.

Mlango wa Mwanakheri, mjane wa hapa, umekwisha, na viti viwili, na mtu wa Soga amekuja leo kuzungumza habari ya mlango mwingine.

Basi, mama, kile kinu nakuomba unitumie kwa lori. Sirudi nacho tena huko.

Mwanao,
Mwanamvua


Janga
3 Oktoba 1953

Kwa Bwana Wilbrod Hilario, Visiga

Bwana Wilbrod,

Mwalimu aliyeniletea barua yako amenieleza kwamba tanga ni Jumamosi ijayo, tarehe 10, na kwamba watu watakusanyika kuanzia saa nne. Nitakuja. Pole kwa kufiwa. Baba yako alikuwa mtu mkweli kwangu, na nasikitika kwamba sikumbeba.

Nakueleza mapema nitakavyofanya, usije ukashtukizwa mbele ya watu.

Nitavua viatu mlangoni. Nitakupa mkono, nitasema, "Bwana Wilbrod, pole kwa msiba," kama mtu yeyote wa barabarani. Sitakuita mtumwa wangu. Sitachukua koti la marehemu, wala kitanda, wala kiti. Nitakaa upande wa wageni, nitakula nitakachopewa, nitanyamaza. Wazee wa kwenu wakiniuliza kwa nini mtani ananyamaza, nitawaambia waulize mwenye nyumba.

Ulisema ni utani. Nimelifikiri neno hilo miezi sita. Mtani huchukua mchana, mbele ya watu, na mwenyewe anamtazama anavyochukua. Ndiyo maana tunacheka. Ulipokaa juu ya jeneza la mjomba wangu ukadai kofia, nilikuona. Kiti hukukichukua hivyo. Ulinituma kwenye kanisa lenye milango ya kijani, ukapita nyuma. Unaniomba nije nitanie tangani ili kilichofanyika kwa siri kigeuke utani kwa macho ya Mzee Abdala. Hilo nakunyima, na ni mara ya kwanza kwangu kumnyima mtani kitu.

Uliandika pia kwamba nisingeondoka kamwe bila kusukumwa. Inawezekana. Sitalijua tena, kwa sababu hukuniachia nafasi ya kulijua. Mke wangu amehamia hapa na kinu chake. Kazi ninayo ya kunifikisha masika. Hayo hukunipa wewe. Wewe ulinipa ghala la unga.

Kiti sikitaki. Mzee Abdala nitamwambia hivyo kabla hajanikaribisha kukaa. Nitamwambia vilevile kwamba sikujua mtu niliyemdhamini ni nani, na kwamba naondoa neno langu. Kama umeandika vizuri miezi hii sita, ukawaandika wa mbali kwanza, na akataka kukuweka kwa kazi yako mwenyewe, hilo ni lake na lako, sitalipinga. Lakini hutakaa hapo kwa jina langu.

Makarani wale wawili waliokuwepo nilipotoa neno watakuwepo nitakapoliondoa. Jumatatu, tarehe 12 Oktoba, saa tatu asubuhi, chumba cha Mzee Abdala. Uje na rula yangu.

Husseini Mwishehe,
fundi, Janga